Gurudumu la Jumatatu

Kuna picha ya mwaka 1934 ambayo wapenzi wa mbio za baiskeli hawaisahau. Kijana wa miaka 20 amekaa juu ya ukuta mfupi wa mawe, kando ya barabara ya mlimani kusini mwa Ufaransa. Analia. Baiskeli yake imeegemezwa hapo hapo, na mbele, pale pa gurudumu, hakuna kitu. Foku imebaki mitupu. Kijana huyo ni René Vietto. Gurudumu lake amelitoa mwenyewe muda mfupi uliopita, akampa kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, ambaye la kwake lilivunjika kwenye mteremko wa Puymorens. Sasa anasubiri msaada, na wenzake wanampita.

Niliiona usiku mmoja nikiwa kitandani na simu, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilikuwa nalinganisha magurudumu. Nikaitazama picha ile kwa muda, nikaizima simu, nikageukia ukutani. Sababu yake nitaisema mbele.

Mimi ni mwalimu wa historia. Naishi Tengeru, nje kidogo ya Arusha, na shule ninayofundisha iko mbele ya Usa River, ukiacha lami unaingia kilomita 3 za vumbi na mawe, na wakati wa masika tope. Nina baiskeli moja tu, ya mbio, mtumba kutoka Ulaya, fremu ya aluminiamu, breki za kubana ringi. Jumatatu hadi Ijumaa inanipeleka kazini nikiwa na begi la madaftari mgongoni. Jumamosi inaingia mashindanoni, au tuseme hayo tunayoyaita mashindano: watu 20 au 30, mmoja na filimbi, mshindi anapigiwa makofi na kununuliwa soda. Magurudumu niliyoinunua nayo yalikuwa yamechoka. Ringi ya nyuma ilikuwa imeliwa na breki hadi ukipitisha kidole pembeni unahisi bonde. Ringi ikifika hapo haibembelezwi. Ukuta wake umekuwa mwembamba, na siku moja presha ya tairi itaupasua, labda ukiwa kwenye mteremko.

Akiba yangu ilitosha jozi moja. Kijana mmoja anayeongoza watalii alikuwa anauza magurudumu ya kaboni, ringi ndefu ya milimita 50, spoku 20 nyuma na 16 mbele, kwa laki tisa. Na mzee mmoja, fundi wa siku nyingi karibu na soko la Kilombero, alisema kwa laki tatu na nusu atanisukia magurudumu ya aluminiamu, spoku 32 mbele na 32 nyuma, habu za mtumba lakini gololi mpya. Tofauti ya uzito ilikuwa karibu nusu kilo.

Nusu kilo inasikika kama kitu. Wauzaji wanaipenda sana. Lakini mimi na baiskeli yangu tuna kilo 81, kwa hiyo nusu kilo ni chini ya asilimia moja yetu. Mlima unaonichukua saa nzima utanirudishia kama sekunde 20. Umbo la ringi linasaidia zaidi kuliko uzito, kwa sababu hewa ndiyo adui mkubwa wa mtu anayekwenda kasi kwenye tambarare; ringi ndefu inaikata hewa vizuri. Ila ringi hiyo hiyo, upepo ukija wa ubavuni, inageuka tanga. Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli barabara ya Makuyuni mchana anajua upepo wa kule unavyoamka.

Hesabu hizo nilizifanya mara nyingi kuliko nilivyohitaji, na kila mara kaboni ikawa inashinda. Nilikuwa naitaka. Niseme ukweli tu.

Baba yangu alikuwa na Phoenix nyeusi. Tulikuwa Babati wakati huo, na baiskeli ile ilibeba kila kitu: magunia ya mahindi, mabati, mbuzi mmoja aliyefungwa miguu, mama akiwa na uchungu wa mdogo wangu wa mwisho. Nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuifuta, na kwa kuwa nilifuta spoku moja moja, nilizijua idadi. Mbele 32, nyuma 40. Nilidhani baba ndiye aliyeziongeza za nyuma. Miaka mingi baadaye nikajua kwamba ndivyo Waingereza walivyozisuka baiskeli zao nzito, za mbele 32 na za nyuma 40, kwa kuwa mzigo wote na mtu mwenyewe vinakaa nyuma. Wahindi na Wachina wakaiga muundo ule, nasi tukaupokea kutoka pande zote.

Watu hudhani spoku ni nguzo zinazosimamisha ringi. Hapana. Spoku ni waya mwembamba, ukiisukuma inapinda. Kazi yake ni kuvuta. Fundi anazikaza zote mpaka ringi imevutwa kuelekea katikati kutoka kila upande, na hapo ndipo gurudumu linapata nguvu. Unapokaa juu ya kiti, zile za chini zinalegea kidogo, na gurudumu linabeba uzito kwa kulegea huko. Kila mzunguko kila spoku inalegea na kukaza, inalegea na kukaza, maelfu ya mara kabla hujafika shuleni. Ndiyo maana spoku hukatika kwa uchovu, mara nyingi pale kwenye kona yake karibu na habu, siku ambayo hakuna shimo wala ajali. Katika gurudumu la spoku 40, moja ikikatika jirani zake zinagawana kazi, ringi inayumba kidogo, baba anaendelea na safari. Katika gurudumu la spoku 20, kila moja inabeba mara mbili ya hiyo. Ikikatika moja, ringi inavutwa upande, inagusa breki au fremu, na safari imeishia hapo.

Nitakwenda kando kidogo. Tairi la baba lilikuwa limeandikwa 28. Langu la mbio nalo wauzaji wengi huliita 28. Siku moja nimechelewa, tairi limepasuka Usa River, nikakimbilia duka la vipuri nikanunua 28. Halikukaa. Ringi ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokalia. Ya baiskeli ya mbio ni 622. Milimita 13 tu, na nililipeleka tairi jipya shuleni begani kama kitenge.

Nikarudi kwenye kusoma, kwa kuwa mwalimu wa historia akishindwa kuamua jambo hukimbilia kuuliza lilianzaje. Nilitaka kujua ni lini gurudumu la mbio liliachana na gurudumu la kazi.

Mwanzoni hayakuachana. Tour de France ilipoanza mwaka 1903, Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto aliyeiandaa, alitaka mbio za mtu mmoja na baiskeli yake. Anayeharibikiwa ajitengenezee. Mwaka 1913 foku ya Eugène Christophe ilikatika katika milima ya Pyrenees. Akaibeba baiskeli kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kwa mhunzi wa kijijini, akaichomelea mwenyewe mbele ya waamuzi, kisha akaadhibiwa kwa sababu mtoto mmoja alimsaidia kuvuta mivukuto. Lakini kisa kilichonishika mimi ni cha mwaka 1921, cha Mbelgiji Léon Scieur. Alikuwa anaongoza, zimebaki hatua mbili. Kati ya Metz na Dunkerque gurudumu lake likakatika spoku 11. Sheria ilisema kifaa hakibadilishwi ila kikiwa hakitengenezeki, na lazima mwamuzi akione. Mwamuzi hakuwapo. Scieur akapata gurudumu jingine, lakini lile bovu akalifunga mgongoni, akaliendesha hivyo, inasimuliwa, kilomita zipatazo 300, ili jioni awaonyeshe waamuzi ushahidi. Meno ya gia yalimchoma mgongo, akabaki na kovu kwa miaka. Alishinda Tour ile.

Nilisoma kisa hicho mara mbili. Mtu wa namna hiyo, niliwaza, akienda dukani anauliza nini? Haulizi gramu. Gurudumu lake lilipaswa kutengenezeka pale linapoharibikia, kwa mikono yake, kama la baba. Hata kubadili gia ilikuwa kazi ya gurudumu: wengi walikuwa na gia moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto wa habu ya nyuma, na mlima ukianza unashuka, unafungua nati, unaligeuza gurudumu, unafunga, unapanda. Muitaliano Tullio Campagnolo, kwa masimulizi ya kampuni yake, alikwama hivyo mwaka 1927 juu ya mlima wa Croce d'Aune, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nati hazifunguki. Kutokana na mateso hayo tukapata ule mkono mdogo wa kufungulia gurudumu bila spana, ambao nimeushika maelfu ya mara bila kumfikiria. Aliusajili mwaka 1930.

Sasa tufike 1934, mwaka wa ile picha.

Wakati huo ringi za Tour zilikuwa za mbao. Siyo kwa umaskini. Desgrange aliogopa kwamba katika miteremko ya milima breki zitaipasha moto ringi ya chuma, gundi inayoshikilia tairi itayeyuka, na tairi litachomoka. Mbao haipitishi joto haraka. Kampuni ya Mavic ikaja na ringi ya duralumini, ambayo ni aluminiamu iliyochanganywa na shaba na vitu vingine ili iwe ngumu. Ilikuwa nyepesi kuliko mbao na haikunywa maji ya mvua. Inasimuliwa kwamba Antonin Magne alizitumia kwa siri katika Tour ya 1934, zimepakwa rangi ya mbao ili waamuzi wasizishtukie. Ruhusa ilikuja mwaka 1937, mwaka ule ule gia za kubadilisha kwa mnyororo zilipokubaliwa.

Hapo mwalimu wa historia ndani yangu akanyanyua mkono. Kwa maana masimulizi mengine ya kiangazi hicho hicho, kuhusu mtu huyo huyo, yanasema kilichovunjika pale Puymorens ni ringi ya mbao. Magne huyu wa siri ya duralumini ndiye Magne wa mbao iliyovunjika? Inawezekana kabisa kwamba hakuwa nazo kila siku, au hakuwa nazo mbele na nyuma. Lakini nadhani jambo muhimu ni kwamba hadithi hizi mbili zimehifadhiwa na watu wawili tofauti. Moja ni ya kiwanda, nacho kinataka chuma kishinde. Nyingine ni ya mashabiki, nao wanamtaka kijana anayelia. Hadithi ya kiwanda haina haja ya gurudumu kuvunjika, na hadithi ya kijana haiwezi kuanza bila hilo. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu: kila ushahidi una mwenyewe.

Na hofu ya Desgrange haikuwa ya kijinga. Ilirudi baada ya miaka 70. Ringi za kaboni zilipoanza kuenea kwa watu wa kawaida, joto la breki likageuka tatizo tena, kwa kuwa kaboni haitawanyi joto kama aluminiamu, na ile gundi ngumu inayoshika nyuzi zake ikipata moto sana inalainika. Kuna waliopasukiwa ringi kwenye miteremko mirefu. Suluhisho la mwisho lilikuwa kuihamisha breki: Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, liliruhusu moja kwa moja breki za diski katika mbio za barabarani Julai 2018, na joto likahamia kwenye sahani ndogo karibu na habu. Baiskeli yangu haina diski. Yale magurudumu ya laki tisa yangebanwa na breki za zamani, katika mteremko wowote nitakaoshuka. Jambo hilo kijana wa watalii hakulitaja, nami sikumuuliza, kwa sababu nilikwisha yapenda.

Nimesema nitaeleza kwa nini niliizima simu.

Ilikuwa Jumamosi, miezi mitatu kabla ya usiku ule. Tulianzia Kisongo, tunageuzia Makuyuni. Tulipokuwa tumeshaipita Meserani kundi la mbele lilikuwa limebaki watu saba, na mimi, kwa maajabu, nilikuwemo. Alikuwemo pia kijana tunayemwita Dogo, ambaye ana nguvu kuliko sisi wote na hana pesa kuliko sisi wote. Tunavaa jezi moja. Siku ile alikuwa amepanda magurudumu ya kuazima, ya spoku chache, kwa sababu aliyemwazima alitaka kumwona akishinda. Tukapita ukingo wa lami uliomegeka, nikasikia mlio mfupi, kama uzi wa gitaa unapokatika. Dogo akanyoosha mkono juu, akasogea pembeni. Ringi ya nyuma ilikuwa inagonga fremu.

Nilikuwa wa mwisho katika mstari, kwa hiyo nilimpita mimi baada ya wote. Alikuwa ameshashuka. Aliniangalia, akasema, "Mwalimu! Lako linaingia!"

Lilikuwa linaingia kweli. Baiskeli zetu zote mbili zina gia 10 nyuma, na ringi saizi moja. Ningesimama, ningefungua ule mkono wa Campagnolo, isingezidi dakika moja.

Nikamwambia, "Pole Dogo, gari lipo nyuma."

Gari halikuwa nyuma. Noah iliyobeba maji ilikuwa imetupita dakika kumi kabla, inatangulia Makuyuni, na dereva alinipungia mkono. Nilijua. Nikakanyaga, nikalipata kundi, nikamaliza wa sita. Dogo alitembea na viatu vya baiskeli juani karibu saa nzima, mpaka lori la mkaa likamchukua. Hakunisema kwa mtu. Tulipokutana wiki iliyofuata alinisalimia kama kawaida, akaniambia, "Usijali mwalimu, mbio ni mbio."

Nimejiuliza sana niliona nini kichwani katika zile sekunde mbili. Nafasi ya sita haikuwa. Niliiona Jumatatu. Nililiona gurudumu langu la pekee likiwa chini ya kijana mwenye nguvu za ng'ombe, anakimbilia ushindi katika barabara yenye mashimo, na mimi alfajiri ya Jumatatu nasimama Tengeru natafuta nauli ya bodaboda, wiki nzima, labda mwezi. Hayo yote ni kweli. Lakini angeniomba gurudumu na mimi nikamwambia, "Dogo, hili ndilo la kazini, siwezi," angenielewa. Anaishi maisha hayo hayo. Badala yake nilimpa gari ambalo halikuwapo.

Kwa hiyo nilipomwona Vietto juu ya ukuta, sikumwonea huruma kama wanavyomwonea wengine. Niliona haya. Kisha, kwa kujitetea, nikaanza kumchunguza. Mashabiki husema alitoa ushindi wa Tour pamoja na gurudumu lile. Hesabu hazikubali. Vietto alimaliza wa tano, nyuma ya Magne kwa karibu saa nzima. Muda mwingi alikuwa ameupoteza mapema, kabla ya milima. Dakika alizokaa juu ya ukuta hazingemfanya mshindi. Nilifurahi kidogo kugundua hilo, furaha ndogo na chafu. Haikudumu. Kesho yake, kwenye mteremko wa Portet d'Aspet, aliambiwa Magne ameharibikiwa tena huko juu nyuma yake. Akaigeuza baiskeli, akaupanda mlima aliokwisha ushuka, akamwokoa kwa mara ya pili.

Ila kuna jamboangu moja halikuvunjika katika utetezi ule. Mwaka 1934 Tour ilikuwa ya timu za taifa, na Vietto alikuwa mtu wa timu, ndani ya mbio zenye magari na vipuri nyuma. Alisubiri, lakini alisubiri kitu kinachokuja. Miaka 13 nyuma yake Scieur hakuwa na cha kusubiri, akabeba gurudumu mgongoni. Na kadiri nilivyosoma mbele ndivyo nilivyoona kwamba magurudumu yamekuwa yakipungua spoku kadiri msaada unavyosogea karibu. Katika miaka ya 1970 yakaja magari ya njano ya Mavic yaliyogawa magurudumu kwa timu yoyote. Januari 1984 Francesco Moser alikwenda Mexico City, akaivunja rekodi ya saa moja aliyoiweka Eddy Merckx mwaka 1972, kutoka kilomita 49.431 hadi 51.151, juu ya magurudumu yasiyo na spoku hata moja: sahani tupu zilizozibwa pande zote. Hayakuwa mepesi. Yalifanya kazi kwa sababu yalikuwa kwenye uwanja wa mzunguko, sakafu laini, hakuna kona ya Usa River wala ng'ombe. Kutoka hapo zikaja ringi ndefu za barabarani, kisha kaboni, kisha spoku 20.

Nilikuwa nimeuliza swali vibaya. Nilidhani gurudumu la mbio na gurudumu la kazini yanatofautiana kwa uzito na kasi. Yanatofautiana kwa kilicho nyuma yako likivunjika. Gurudumu la mbio ni nusu ya kifaa. Nusu nyingine ni gari lenye fundi ndani na magurudumu mengine juu ya paa. Mimi nilikuwa nataka kununua nusu ile ya kwanza kwa laki tisa, halafu nusu ya pili niendelee kuisingizia, kama nilivyomsingizia Dogo.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Tuliangalia mbio za wanaume kwa simu ya Dogo, tumekaa nje ya genge la mzee fundi. Zilikuwa kilomita 267, milima tupu, na mlima mmoja wa mawe yaliyopangwa ambao baiskeli zilikuwa zinatetemeka mpaka picha inatetemeka. Walioanza walizidi 160, waliomaliza 30. Tadej Pogačar akashinda. Dogo alikuwa anaangalia miguu. Mimi nilikuwa naangalia magari. Mmoja akinyoosha mkono tu, sekunde chache, fundi ameshashuka na gurudumu mkononi, mwingine anamsukuma mgongoni. Na tairi zao! Miaka ya nyuma walipanda tairi za milimita 23, ngumu kama jiwe, wakiamini wembamba ni kasi. Sasa ni 28, 30, hewa kidogo zaidi, kwa kuwa imeonekana kwamba kwenye lami mbovu tairi gumu linamrusha mtu juu juu na kumpotezea nguvu. Baba angewacheka. Alipanda tairi nene maisha yake yote.

Mzee fundi alikuwa amekaa nyuma yetu, anakata waya. Sikuwahi kumwuliza maoni yake juu ya kaboni, nikamwuliza siku ile.

"Shikamoo fundi. Kijana wa watalii ananiuzia za kaboni."

"Marahaba. Nimeziona, alizileta hapa nizikaze." Hakuinua kichwa. "Nzuri. Lakini mwalimu, hiyo ikikupasukia ukaniletea, mimi nitaitazama tu kama wewe unavyoitazama."

Dogo akacheka. Nikamweleza pale pale, mbele ya mzee, kuhusu ile Noah. Kwamba niliiona ikitupita. Alinyamaza, mikono yake ikaendelea kuizungusha simu. "Nilijua," akasema. "Hata mimi niliiona." Kisha akaiweka simu sikioni kujifanya kuna mtu anampigia, akatoka akasimama barabarani kwa muda. Aliporudi aliuliza fundi anazo spoku za kutosha magurudumu mawili ya nyuma au la moja.

Kazi ilichukua siku nne. Nililipa laki tatu na nusu zangu, na kutoka kwenye zile zilizobaki nikanunua ringi ya pili ya nyuma, aluminiamu, matundu 32, ndugu wa ile yangu. Dogo alileta habu aliyoinyofoa kwenye baiskeli iliyokufa na akalipa ufundi kidogo kidogo. Nilikaa hapo jioni nikisahihisha madaftari, mzee akisuka: spoku juu, spoku chini, kila moja inavuka wenzake watatu kabla ya kufika kwenye tundu lake, kisha nati, kisha robo mzunguko, robo mzunguko. Alikuwa anazipiga kwa ukucha na kusikiliza. Upande wa kulia wa nyuma, ule wa gia, zinalia sauti ya juu zaidi, kwa kuwa upande huo spoku zimesimama wima na lazima zivutwe kwa nguvu ili ringi ikae katikati. Isiyolia kama jirani yake anairudia.

Ijumaa jioni yote mawili yalikuwa tayari. Tukaweka kila moja kwenye baiskeli yake, tukaivaa minyororo, tukazungusha. Mzee akatuangalia, akafuta mikono.

"Sasa badilishaneni."

Nikafungua la kwangu, nikampa Dogo. Akanipa lake. La kwake liliingia kwangu bila tatizo. La kwangu kwake liliingia, gia zikapokea, lakini ringi ilikuwa inagusa breki ya kushoto kila mzunguko, kwa mlio mdogo. Mzee akachuchumaa, akaishika breki, akalegeza nati moja, akaisogeza upana wa unyoya. Akalizungusha tena gurudumu, akatega sikio.